Je, Ananipenda, au Ni Haya Tu?

Leo twazungumza na vijana walio shuleni. Lakini ninyi wazazi msifunge redio, wala wewe mzee wa kanisa usiondoke kwenda kutazama mbuzi. Jambo lenyewe limo nyumbani mwenu pia.

Swali ni hili: Yuko mwenzangu darasani ambaye ni mtu wa haya sana. Hasemi na watu. Nikimtazama huinama. Nitajuaje kama ananipenda?

Watu wazima hulicheka swali hili. Wengine hulikemea kabla halijamalizika kuulizwa: wewe ulipelekwa shule kusoma! Ni kweli, alipelekwa kusoma. Lakini kijana wa miaka kumi na saba aliye na swali hili kichwani hasomi, hata akiwa na kitabu wazi mbele yake usiku kucha. Tena asipopata mtu mzima wa kumjibu atajibiwa na rafiki zake, ambao hawajui zaidi yake ila husema kwa sauti kubwa zaidi. Basi, heri tulijibu sisi.

Hebu tumfikirie kijana mmoja. Simtaji mtu, ni mfano tu. Tuseme anakaa Kivaa, huko Masinga katika Machakos, upande ule ambako mlima Kivaa unalitazama bonde la mto Tana na mabwawa yake ya umeme. Anasoma shule ya kutwa, wavulana na wasichana pamoja, na yuko kidato cha tatu. Dawati la mbele yake ameketi msichana asiyesema. Mwalimu akimwuliza jambo, hujibu kwa sauti ndogo, na jibu huwa ni sahihi. Siku moja kijana wetu alisahau kitabu chake cha hesabu, na yule msichana akamsogezea chake bila neno. Yakaanzia hapo.

Tangu siku ile kijana anahesabu. Jumanne aligeuka nyuma mara mbili. Jumatano alipita bila salamu. Alhamisi alipomsalimu njiani, alicheka akaufunika mdomo kwa mkono. Ijumaa kengele ilipolia aliondoka mbio kama mtu anayekimbia nyoka. Jumapili, katika kwaya, alisimama mstari wa mbele ambapo angeweza kumwona vizuri. Au labda ni mwalimu wa kwaya aliyempanga hapo. Kila usiku kijana hulala na hesabu hii, na kila usiku hupata jumla nyingine.

Nataka tumsaidie, kwa maana yuko katika hatari ya kukosea pande mbili. Aweza kuamini kwamba anapendwa, kumbe sivyo, akaanza kumfuata msichana njiani hata msichana akaogopa kuja shule. Au aweza kuamini kwamba anadharauliwa, akaanza kumsema vibaya mbele ya wavulana wenzake ili kuuponya moyo wake mwenyewe. Katika njia zote mbili atakayeumia zaidi ni yule asiyesema, kwa sababu hana sauti ya kujitetea. Nimewaona wasichana walioacha shule, na watu wakasema ni karo, kumbe karo ilikuwa nusu tu ya sababu.

Kwanza tuulize, haya ni kitu gani? Wakamba wana neno moja, nthoni. Neno hili ni aibu, tena ni haya, tena ni heshima. Desturi ya zamani ilimtaka mwanamume asikutane uso kwa uso na mama mkwe wake. Wakikaribiana njiani, mmoja alipisha kando. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeandika kitabu kikubwa juu ya Wakamba kilichotoka mwaka 1920, aliieleza desturi hiyo, nayo iliitwa kwa neno hilo hilo, nthoni. Sasa angalieni. Mama mkwe aliyeacha njia akaingia vichakani hakuwa amemchukia mkwewe. Wala hakuwa amempenda kwa mapenzi ya namna hii tunayozungumza. Alikuwa anamheshimu, na heshima yake ilionekana kwa kukimbia!

Basi msichana aliyelelewa na susu wake, katika nyumba ambamo mtoto wa kike hamkazii macho mwanamume, ataufanya uso wake utazame chini mbele yako, mbele ya mwalimu, mbele ya mchungaji na mbele ya mwenye duka. Ukiuchukua uso huo ulioinama ukaufanya barua ya mapenzi iliyoandikwa kwako peke yako, umesoma barua ambayo haikuandikwa.

Wala mtu wa haya si kiumbe wa ajabu. Katika miaka ya 1970 Philip Zimbardo, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwauliza watu wengi kama wao ni watu wenye haya. Karibu 40 katika kila 100 walisema ndiyo. Marekani, nchi ambayo sisi hudhani kila mtu husema bila woga! Katika darasa la wanafunzi 50, msishangae wakiwamo wengi wanaotetemeka kimya kimya, na baadhi yao ndio hao wanaopiga kelele nyuma ili wasijulikane.

Pili, ishara moja huweza kuwa na sababu nyingi. Turudi kwenye hesabu ya kijana wetu. Aliondoka mbio kengele ilipolia. Labda anakuogopa. Labda anakupenda na moyo umemshinda. Lakini je, umewahi kufikiri juu ya maji? Wakati wa kiangazi katika nchi ile kavu, msichana atokapo shule hajamaliza siku yake. Madebe yanamngoja, na punda, na njia ya kwenda mtoni, na foleni ya akina mama waliotangulia. Akichelewa nusu saa, atateka maji gizani. Wewe unaandika kwamba Ijumaa alikukimbia. Yeye hakukumbuka hata kwamba ulikuwapo.

Alicheka akafunika mdomo. Wavulana wengi hulihesabu hili kuwa ushindi. Lakini mahali pengi katika Kenya maji ya visima virefu yana madini ya floraidi mengi kupita kiasi, na mtoto ayanywaye tangu udogo hupata meno ya rangi ya kahawia ambayo hayasuguliki yakaisha. Watoto hao hujifunza kucheka na mkono mdomoni kabla hawajajua kusoma. Mwingine hukaa mikono ikiwa chini ya dawati kwa sababu sweta imechakaa kwenye viwiko. Mwingine hatoki nje wakati wa mapumziko kwa sababu hana cha kula, naye hataki kuonekana akitazama wanaokula. Mambo haya yote, kwa mtu aliyeshikwa na mapenzi, hufanana na ishara. Ni ishara kweli, ila si za mapenzi.

Na kitabu cha hesabu alichokusogezea? Labda ni wema tu. Kijana mwenzangu, usiudharau wema kwa kuufanya kuwa kitu kingine. Tukimfundisha msichana kwamba kila akimsaidia mvulana atafuatwa mpaka nyumbani, tutakuwa tumemfundisha asimsaidie mtu tena.

Hapa nataka kuwaambia jambo walilolichunguza wataalamu, kwa maana linawahusu sana wavulana. Mwaka 1982 Antonia Abbey, mtaalamu Mmarekani, alichapisha habari za jaribio alilolifanya chuoni. Mwanamume na mwanamke wasiojuana waliwekwa pamoja wazungumze dakika tano, na mwanamume mwingine na mwanamke mwingine wakawatazama kwa siri. Kisha wote wakaulizwa, yule mwanamke aliyezungumza alikuwaje? Wanaume, yule aliyezungumza naye na yule aliyetazama tu, walimwona mwanamke kuwa mwenye kuvuta mapenzi zaidi kuliko walivyomwona wanawake. Mazungumzo yalikuwa yale yale na dakika zile zile tano. Yeye alikuwa mchangamfu tu, na macho ya wanaume yakaongeza chumvi. Basi mvulana, ukiona unapendwa, punguza kidogo katika hesabu yako. Macho yako hayakuibi kwa makusudi, lakini yanakuibia.

Liko na la upande wa pili, nalo ni la wenye haya wenyewe. Jacquie Vorauer, mtaalamu wa Kanada, alionyesha mwaka 2003, yeye na wenzake, kwamba mtu anayeogopa kukataliwa hudhani amejionyesha sana. Hutoa ishara ndogo sana, pengine tabasamu moja au neno moja, kisha hufikiri kwamba mwenzake sasa ameelewa kila kitu. Mwenzake hajaelewa neno. Kisha yule mwenye haya huenda zake na huzuni, akisema moyoni, nilimwonyesha naye akanyamaza, basi hanipendi. Mnaona shida hiyo? Anayetazama huona mengi yasiyokuwapo, na anayetazamwa hudhani ameonyesha mengi ambayo hakuyaonyesha. Wawili kama hao waweza kukaa madawati mawili yaliyofuatana miaka minne, wafanye mtihani wa mwisho, na kila mmoja aende kwao bila kujua lolote.

Aguri katika kitabu cha Mithali, sura ya 30, alitaja mambo manne yaliyomshinda akili: njia ya tai angani, njia ya nyoka mwambani, njia ya merikebu baharini, na njia ya mwanamume pamoja na msichana. Nafikiri tunasahau kwamba mtu huyu alikuwa mwenye hekima. Kama yeye alikubali kwamba yamemshinda, sisi tunapata wapi ujasiri wa kusema, aligeuka nyuma mara mbili, kwa hiyo ananipenda?

Labda mtasema, basi hakuna njia ya kujua hata kidogo? Ipo, ila ni ya polepole. Mithali 20:5 yasema kwamba yaliyo ndani ya moyo wa mtu ni kama maji yaliyo chini sana, na mwenye ufahamu huyateka. Msomaji wa mjini, ambaye maji yake hutoka bombani, hulipita neno hili upesi. Lakini watu wa Masinga na Yatta na Mwingi wanalijua. Mto umekauka, na juu ni mchanga mtupu. Mama hupiga magoti na kuchimba kwa mikono na kwa kata, mpaka mchanga ubadilike rangi na kuwa mbichi. Kisha hungoja. Maji huingia yenyewe kutoka pembeni, kidogo kidogo, na yeye huyateka kwa kata bila kugusa chini. Akija mtu mwenye haraka akatia debe zima kwa nguvu, kuta za mchanga huanguka, maji huwa tope, na waliokuwa nyuma yake katika foleni humlaumu mpaka jioni. Maji yapo. Ni haraka yake iliyoyaharibu.

Mtu wa haya ni kisima cha namna hiyo. Hufunguka kwa yule anayemkaribia bila kumshtua, mahali ambapo watu wengine wapo, katika kazi ya kawaida. Fanyeni hesabu pamoja mkiwa watu wanne au watano. Panga naye viti kanisani pamoja na vijana wengine. Msalimu kila siku kwa namna moja, leo kama jana, usimsalimu kwa shangwe leo na kesho ukamnunia kwa sababu hakuitikia vizuri. Mtu wa haya akijua kwamba salamu yako haina deni nyuma yake, ataanza kuitikia.

Hapo ndipo unaweza kutazama, na ya kutazama ni machache tu. Je, anavyokuwa kwako ndivyo anavyokuwa kwa kila mtu? Kama anamwinamia kila mtu, kuinama kwake si habari kwako. Lakini kama anazungumza na kucheka na wavulana wengine, na ni kwako tu anapokuwa bubu, basi kuna jambo. Jambo gani? Hapo tena kuna njia mbili, kwa maana huenda ni wewe unayemtisha. Njia ya kuzitenga ni hii: mwache awe huru, uone anaelekea wapi. Anapoweza kuchagua kundi la kazi, huchagua lenu au hulikwepa? Ukimwuliza swali, hujibu neno moja akanyamaza, au baadaye, labda kesho yake, huja na jibu refu zaidi alilolifikiri? Hukumbuka uliyoyasema, kwamba mama yako alikuwa mgonjwa, kwamba ng'ombe wenu alipotea? Mtu wa haya hana maneno mengi, lakini ana kumbukumbu, na mara nyingi upendo wake hupita huko. Asiyekutaka karibu naye pia huonekana ukimpa nafasi: huhama kiti, hubadili njia, hutembea na dada yake siku zote unapokuwa karibu. Huyo amekwisha kusema. Usimngoje aseme kwa kinywa ndipo uamini.

Tazama kwa majuma mengi, si kwa siku tatu. Kwa nafsi yangu naona muhula mmoja si mrefu.

Na sasa niseme juu ya njia zisizofaa, kwa kifupi, maana mnazijua. Usimtume rafiki yako. Rafiki ataliongeza neno njiani, na kufikia saa nne darasa zima litakuwa linawazomea. Usiandike barua ukaiweka ndani ya kitabu chake. Kitabu hicho hicho ndicho baba yake atakifungua. Siku hizi kuna simu, na ujumbe wa simu ni mbaya kuliko barua, kwa sababu barua huchanika lakini ujumbe hupigwa picha na kutumwa kwa watu mia. Usimtanie mbele ya wengine ili kuona kama uso wake utabadilika. Uso wa mtu wa haya hubadilika akitaniwa na mtu yeyote, hata na mwuza mandazi.

Na kwa vijana wa kanisani hasa: msimjaribu Mungu kwa ishara mlizozitunga wenyewe, ati Jumapili akivaa kitambaa cha buluu nitajua ni yeye. Gideoni aliitandaza ngozi ya kondoo kwa ajili ya vita vya taifa zima. Wewe unaitandaza kwa ajili ya msichana ambaye pengine ana vitambaa viwili tu, na kile kingine kiko majini kinafuliwa.

Tufike basi kwenye neno lenyewe. Ishara zote zikiisha kutazamwa bado hazitoshi. Katika Mwanzo 24 mtumishi wa Ibrahimu alipata ishara ambayo hakuna kijana wa leo aliyeipata. Aliomba, na kabla hajamaliza, Rebeka akaja kisimani, akamnywesha, akawanywesha na ngamia, kama alivyoomba. Mtumishi alimtazama kimya. Hata hivyo, siku ya kuondoka ilipofika, ndugu na mama walisema aitwe msichana aulizwe mwenyewe. Ni kweli swali lao lilikuwa juu ya kuondoka siku ile. Lakini nalipenda neno hilo. Baada ya ombi, na kisima, na ngamia kumi, na vikuku vya dhahabu, bado kulikuwa na jambo ambalo lilihitaji kinywa cha Rebeka. Naye akajibu kwa kinywa chake.

Utaulizaje? Kwa neno dogo, mahali penye nuru, ambapo anaweza kuondoka. Si njiani peke yenu magharibi, wala si kwa kumzibia mlango wa darasa. Mwambie hivi, au kwa maneno yako ya namna hii: Napenda kuzungumza na wewe, nami ningependa tuwe marafiki wazuri zaidi, kama hutaki, niambie tu, wala sitakasirika. Kisha nyamaza, na usimshike mkono. Mpe hata siku kadhaa, kwa maana mtu wa haya akibanwa atasema lolote ili atoroke, hata ndiyo isiyokuwa ndiyo. Ndiyo ya namna hiyo ni mbaya kuliko hapana, kwa wote wawili.

Nanyi mwaniuliza, urafiki gani huo? Hapa nasema wazi, na wazazi wasikie. Mwanafunzi hajafika bado kwenye ndoa. Ukambani ndoa ina mlango wake: wazazi hukutana, na mbuzi wa ntheo hupelekwa, na jambo la mioyo miwili huwa jambo la nyumba mbili. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 haimruhusu yeyote aliye chini ya miaka 18 kuoa au kuolewa. Na Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa kulala na msichana wa miaka kumi na sita au kumi na saba imeandika kifungo kisichopungua miaka 15. Wavulana hudhani sheria hii ni ya wanaume wazee tu. Sivyo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu huko Eldoret ilikataa ombi la mvulana aliyeshtakiwa kwa sheria hiyo, ijapokuwa yeye na msichana wote wawili walikuwa na umri wa miaka 16. Kwamba msichana alikubali haikumsaidia. Sisemi haya ili kuwatisha. Nayasema kwa sababu wengi huyasikia mara ya kwanza wakiwa kituo cha polisi.

Basi urafiki ninaousema ni ule unaoweza kuonekana na mama yake. Kama ni wa kufichwa kwa mama yake, umekwisha kuwa kitu kingine, hata kama bado hamjafanya lolote. Wimbo Ulio Bora unarudia mara tatu onyo la kwamba mapenzi yasiamshwe kabla ya wakati wake, na kitabu hicho si kitabu cha mtu anayechukia mapenzi.

Je, na msichana anayempenda mvulana mwenye haya? Yako ni magumu zaidi, binti yangu, kwa maana kijijini msichana akisema kwanza huitwa majina. Lakini uliyoyasikia yote ni yako pia. Mvulana mwenye haya mara nyingi hujificha kwa ukali. Hujifanya hakuoni, au hukujibu kwa kifupi kama askari. Wengine ni maskini, nao wameamini kwamba mvulana asiye na fedha ya soda hana ruhusa ya kumsalimu msichana. Unaweza kumfungulia njia bila kujishusha: mwombe akueleze hesabu, mshukuru akikueleza, mwulize habari za kwao. Asipoifuata njia hiyo baada ya muda, iache. Usiifanye kazi yako kuwa kumwokoa na haya zake. Wala usidanganywe na maneno ya wanaume wakubwa wasio na haya hata kidogo, wenye pikipiki na mandazi ya bure kwa wasichana watokao shule. Hao hawahitaji kufumbuliwa. Shangazi yako, au mama wa vijana kanisani, asikie habari hiyo siku hiyo hiyo.

Nanyi akina mama na akina baba: mtoto wenu akiwaletea swali hili, mlilopewa ni kitu kikubwa kuliko mnavyodhani. Mwulizeni kwanza, mtu huyo yukoje? Mwacheni aeleze. Fimbo haitamwondolea swali, itamwondolea tu mtu wa kumwuliza.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linaloogopwa na wote, yaani jibu. Akisema ndiyo, endeleeni kusoma, tena mketi mbele. Akisema sijui, au akinyamaza na majuma yakapita, ichukue kuwa hapana, na umshukuru moyoni kwamba alijaribu kutokuumiza. Akisema hapana, utaona giza kidogo. Hata wazee hawa mnaowaona viti vya mbele walipata giza hilo zamani, ingawa hawatawaambia. Lakini kuna kesho yake asubuhi. Mtakutana mlangoni mwa darasa, naye atakuwa na hofu kuliko wewe, maana hajui kama sasa utamchukia au utamtangaza. Msalimu kama ulivyomsalimu jana, kwa sauti ile ile, kisha uingie ndani ukafungue kitabu chako.